Mti wa Kwinini: Kuupanda ni Jambo Moja, Kuunywa ni Jingine



Msomaji wetu mmoja kutoka milima ya Usambara ameandika barua yenye maswali mawili. La kwanza: ataoteshaje mti wa kwinini karibu na nyumba yake? La pili: mtoto akishikwa na homa usiku, achemshe magome kiasi gani? Swali la kwanza nitalijibu kwa furaha, maana kuotesha miche ni kazi ninayoipenda. La pili nitalijibu pia, ingawa jibu lake huenda lisimpendeze. Namwomba asiruke sehemu ya kilimo ili afike upesi kwenye dawa, kwa sababu jibu la swali la pili limo ndani ya lile la kwanza.

Mti wa kwinini, ambao wengi huuita mkwinini, si mwenyeji wa kwetu. Asili yake ni misitu ya mvua katika milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Nchi ya Peru imeuweka hata katika nembo yake ya taifa. Tusiuchanganye na mwarobaini, ambao unavumilia joto na ukame. Mkwinini ni jamaa wa mbuni, na aliyezoea shamba la kahawa atauona undugu huo mara moja: majani hukaa mawili mawili yakitazamana, na maua hutoka kwa vishada na yana harufu nzuri. Kwa kawaida ni mti mdogo. Ukikatwa, kisiki huchipua machipukizi mengi ukawa kichaka, na wakulima wa magome mara nyingi huutunza kwa namna hiyo.

Kwanza tazama mahali unapoishi. Mkwinini unataka mwinuko wa kati ya mita 800 na 2,000 hivi, mvua nyingi zisizokatika kwa muda mrefu, hewa ya ubaridi lakini pasiwe na jalidi. Ndugu zetu wa pwani na wa nyanda kavu wasijisumbue. Hata milimani chagua mteremko, kwa sababu maji yakituama mizizi huoza na mti hufa ukiwa bado na majani mabichi. Udongo uwe mwepesi, wenye mboji nyingi na uchachu kidogo, kama ule unaofaa chai. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba mti huu hauelewani na udongo uliopitiwa na moto. Shamba lililosafishwa kwa kuchoma halifai. Fyeka, rundika majani pembeni yaoze, kisha yarudishe shambani.

Sasa mbegu. Ni ndogo mno, nyembamba kama pumba, na kila moja ina utando mfano wa bawa ili upepo uichukue. Gramu moja tu ina mbegu zaidi ya 2,000. Kwa hiyo vitumba vyake huchumwa vikiwa vimeanza kugeuka rangi ya kahawia lakini havijapasuka, vikaanikwa ndani ya nyumba juu ya karatasi, mahali pasipo na upepo. Usiziweke mbegu hizo hadi msimu ujao, maana uhai wake hupotea upesi.

Tengeneza tuta lililoinuka, la mboji ya msitu iliyochekechwa na kuchanganywa na mchanga. Juu yake jenga kipaa cha nyasi au makuti, upande mmoja uwe juu na mwingine chini, ili jua kali na matone makubwa ya mvua visifike. Nyunyiza mbegu juu ya udongo uliokwisha loweshwa. Usizifukie! Ukizifukia kama mahindi hutaona kitu. Ukitaka, pepeta juu yake mchanga laini, kiasi cha kuzishika tu. Kumwagilia kuwe kwa keni yenye matundu madogo sana au kwa bomba la kunyunyizia, asubuhi na jioni, kwa sababu maji ya kumimina yatazikusanya zote pembeni. Baada ya wiki mbili hadi nne utaona kijani kidogo kama ukungu juu ya tuta. Hiyo ndiyo miche yako.

Hapo ndipo watu wengi hupoteza kila kitu. Miche ikisongamana na tuta likiwa na maji kupita kiasi, ukungu huikata shingo chini kabisa, ikalala kama iliyofyekwa. Leo utaona doa la ukubwa wa sahani, na baada ya siku chache nusu ya tuta imekwisha. Punguza maji, fungua kipaa upepo upite, ondoa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake. Yenye majani manne hivi huhamishwa, kwa kijiti na si kwa vidole, kwenda kwenye kitalu cha pili au kwenye viriba, bado chini ya kivuli. Kivuli hicho hupunguzwa kidogo kidogo miezi ya mwisho. Tangu kusia mbegu hadi kupanda shambani ni mwaka mmoja na nusu, pengine miwili. Panda mwanzo wa mvua za masika, siku ya mawingu, na weka matandazo bila kugusa shina. Mdudu wa kuangalia ni yule jamaa wa mbu wa mikorosho, ambaye hunyonya machipukizi machanga yakanyauka na kuwa meusi. (Mti wa kutibu ugonjwa wa mbu, nao una mbu wake!)

Vipandikizi vya matawi machanga huota pia, ila kwa shida zaidi. Vinahitaji unyevu wa kudumu, mchanga safi, na kufunikwa kwa nailoni.

Msomaji anaweza kuuliza: kama mbegu zinaota vizuri, kwa nini wakulima wakubwa walisumbuka kubebesha? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Miti ya kwinini ni ya aina mbili kwa maua yake. Katika mti huu sehemu ya kike ya ua ni ndefu na ile ya kiume ni fupi. Katika mti ule ni kinyume. Ili mbegu nzuri zipatikane, nyuki na wadudu wengine hulazimika kubeba chavua kutoka mti mmoja hadi mwingine. Kwa hiyo kila mbegu ina wazazi wawili, na aina za mkwinini zikiwa jirani huoana bila kuomba ruhusa. Mtoto anaweza kufanana na mama kwa majani huku gome lake likiwa hafifu kabisa. Gome la aina moja lina kwinini asilimia 1 au 2 tu. Aina nyingine, iliyochaguliwa kwa bidii, hutoa asilimia 8 na hata zaidi ya 10. Jani halikwambii, wala rangi ya gome, wala uchungu wake mdomoni, kwa sababu ndani ya gome hilo mna dawa kubwa nne na zote ni chungu. Mojawapo, iitwayo kwinidini, ina nguvu juu ya mapigo ya moyo kuliko kwinini yenyewe.

Aina hiyo yenye nguvu ina historia ya kusikitisha. Mwenyeji mmoja wa Bolivia, Manuel Incra Mamani, alikuwa na ujuzi wa kuitambua miti bora porini. Mbegu alizokusanya zilimfikia mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger mwaka 1865, na sehemu yake ikauzwa kwa Waholanzi, walioziotesha kisiwani Java. Kutokana na mbegu hizo Java ilikuja kutoa karibu kwinini yote ya dunia kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mamani alikamatwa nchini kwake kwa sababu ya kazi hiyo, akapigwa vibaya, akafa. Jina la Ledger limo katika jina la mti hadi leo. Jina la Mamani wachache wanalijua.

Lakini hata mbegu za miti ile bora hazikutoa watoto walio sawa. Ndiyo maana Waholanzi walipima magome katika maabara, wakachukua vikonyo vya mti uliopimwa, wakavibebesha juu ya mashina ya aina ile hafifu kwa dawa lakini yenye mizizi imara na inayokua haraka. Waliobebesha mikorosho au miembe wanaifahamu kazi hiyo: shina la unene wa penseli, kikonyo cha unene uleule, kisu kikali, mkanda wa nailoni, kivuli. Kwa njia hiyo peke yake mkulima aliweza kusema kwamba miti yake elfu moja ina nguvu inayolingana. Magome yalivunwa baada ya miaka 8 hadi 12, nayo yakaenda kiwandani kupimwa tena kabla hayajawa vidonge.

Sasa tufanye hesabu ya darasani. Mtu mzima aliyetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini alimeza kwa kawaida miligramu 600 kila baada ya saa 8, kwa siku 7. Gome lenye asilimia 2 lina miligramu 20 katika kila gramu, kwa hiyo dozi moja tu ingetaka gramu 30 za gome kavu. Gome lenye asilimia 8 lingetaka gramu 7 na nusu. Kumbe mama anayechemsha konzi moja ya magome kutoka mti wa nyuma ya nyumba anaweza kuwa anampa mgonjwa robo ya dozi, na jirani yake kwa konzi hiyo hiyo anampa mara nne ya ile ya mwenzake. Tena hatujasema maji yametoa kiasi gani cha dawa ndani ya gome, wala sufuria ilikaa jikoni muda gani, wala mgonjwa ni mtoto wa kilo 9 au mzee wa kilo 60. Na kwa lile gome hafifu, siku 7 za mtu mzima mmoja zingekula gramu 630, yaani zaidi ya nusu kilo ya gome kavu. Mti mchanga ukibanduliwa kiasi hicho kuzunguka shina, unakufa.

Hilo ndilo jibu la swali la pili. Siwezi kumwambia achemshe kiasi gani, na hakuna mtu awezaye kumwambia, kwa sababu mti alioupanda kwa mbegu haujulikani nguvu yake.

Dozi ikiwa ndogo, homa hupoa kidogo, watu wa nyumbani wakapumua, na vijidudu vikaendelea kuongezeka. Kwa mtoto mdogo, siku moja hiyo ya kungoja inatosha kumfikisha kwenye degedege. Dozi ikiwa kubwa, masikio huvuma kama kuna mbu ndani yake, kichwa huzunguka, mgonjwa hutapika, macho huona ukungu. Ikizidi zaidi huweza kuleta upofu na kuvuruga mapigo ya moyo. Na kuna hatari moja ya kimyakimya: kwinini hushusha sukari ya damu, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Wazee wanaweza pia kukumbuka habari za homa ya mkojo mweusi. Ugonjwa huo ulihusishwa sana na watu waliokunywa kwinini kidogo kidogo bila mpango, leo wakanywa, kesho wakaacha.

Katika wodi yetu alipata kulazwa mama mjamzito wa miezi saba, aliyeletwa akiwa ameloa jasho na anaongea maneno yasiyoeleweka. Alikuwa amekunywa maji ya magome kwa siku mbili. Mama mkwe wake ndiye aliyemchemshia, kwa upendo kabisa, na ndiye aliyetueleza ukweli bila kuficha; jambo hilo lilitusaidia sana. Sukari ya damu ilikuwa 1.9, kiwango ambacho ubongo unakosa chakula. Alipewa dripu ya sukari akarudiwa na fahamu. Kipimo cha malaria kilionyesha kwamba hakuwa na malaria hata kidogo. Homa yake ilitokana na maambukizo ya njia ya mkojo, yaliyotibika kwa dawa nyingine kabisa. Alijifungua salama baadaye. Lakini fikirini: alikunywa kitu cha hatari kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao.

Wengine huniambia, "Sista, mbona hata mapadre wa zamani walitumia gome hili?" Ni kweli, na ni sifa kwa Kanisa. Bruda Agostino Salumbrino, Mjesuiti aliyesimamia duka la dawa la shirika lake mjini Lima, ni mmoja wa wale waliopeleka gome Ulaya katika miaka ya 1630. Kule Roma Kardinali Juan de Lugo, naye Mjesuiti, aliligawa kwa maskini wenye homa, na watu wakaliita unga wa Wajesuiti. Lakini tuangalie walifanya nini zaidi. Mwaka 1649 ilitolewa Roma karatasi ya maelekezo: gome liwe la namna gani, lisagwe vipi, linywewe kwa kipimo gani na wakati gani. Walijua tangu mwanzo kwamba gome bila kipimo ni hatari. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliweza kuitoa kwinini peke yake ndani ya gome, na tangu hapo daktari akawa na kitu cha kupima kwa mizani. Walioacha sufuria na kushika mizani hawakuidharau dawa ya asili. Waliitafutia kipimo.

Huku kwetu pia mti huu una kumbukumbu. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea pale Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na mkwinini ulikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli zao zilipozuiwa, walitengeneza kwinini kwa magome hayo. Baadaye, walipokuwa wakikimbizwa kusini, walichemsha magome tu. Kinywaji hicho kilikuwa kibaya mno, hata askari wakakitania kwa kukiita pombe ya jemadari wao, Lettow. Wabelgiji nao waliupanda Kivu, na mjini Bukavu kikajengwa kiwanda cha kwinini.

Nusu ya pili ya habari hii ni mpya zaidi, nayo imetokea wilaya ileile ya Muheza. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na hospitali za Muheza na Korogwe zilikuwemo. Nusu walipewa sindano za kwinini, nusu sindano za atesuneti. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa atesuneti asilimia 8.5. Kwetu sisi tuliokuwa tumezoea kuning'iniza dripu za kwinini usiku kucha, tukihesabu matone na kuamsha watoto kuwapima sukari, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Leo atesuneti ndiyo sindano ya kwanza kwa malaria kali. Kwa malaria isiyo kali, Tanzania ilichagua dawa ya mseto, ALu, mwaka 2006. Hata kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo, ambaye zamani tulimpa kwinini, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 apewe ALu. Kwinini imebaki kama akiba pale dawa hizo zinapokosekana. Mgonjwa akiandikiwa vidonge vyake na masikio yakaanza kuvuma, asiviache kimya kimya, amweleze muuguzi.

Je, mti wenyewe upandwe au usipandwe? Mmoja au miwili katika bustani ya shule au ya parokia, ni vizuri, watoto waujue. Kwa biashara, mtafute mnunuzi kwanza, umwone kwa macho, maana miaka kumi ni mingi kungojea gome lisilo na soko. Mimi ningepanda iliki. Na tafadhali usiupande kando ya msitu wa asili. Katika visiwa vya Galapagos uliletwa miaka ya 1940, ukatoroka mashambani ukaenea maelfu ya hekta na kuifunika mimea ya pale. Usambara yetu ina mimea isiyopatikana mahali pengine popote duniani.

Msomaji wetu aliuliza juu ya usiku. Mtoto mwenye homa apunguzwe nguo, apewe maji au anyonyeshwe, na apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Kukipambazuka apelekwe kituo cha afya akapimwe malaria. Kipimo cha kidole huchukua dakika 15 hadi 20. Usingoje asubuhi akipata degedege, akitapika kila kitu, akishindwa kunyonya au kukaa, akihema kwa shida, akilala asiamke vizuri, au akikojoa mkojo mweusi. Na kama amekwisha kunywa maji ya magome, yawe ya mkwinini au ya mti mwingine wowote, waelezeni wauguzi mara mnapofika, kabla hatujauliza: amekunywa lini, vikombe vingapi. Njooni na kipande cha gome lenyewe na kilichobaki kwenye sufuria.